Kijana wa pampu si bima yako

Nyinyi wenye magari makubwa, nina swali: mkifika kwenye pampu ya mafuta huwa mnapotelewa na ulimi?

Maana wiki hii, barabara ya Lamu, hapa hapa Malindi, nilikuwa nyuma ya Prado nyeupe nikingoja zamu. Injini inanguruma, AC imefunguliwa, dirisha limeshushwa inchi mbili ili ubaridi usitoroke. Simu iko sikioni. Likatoka neno moja tu: “Jaza.” Kijana akainama akauliza kitu. Akajibiwa kwa kiganja, kile cha kufukuzia inzi. Basi akajaza. Akatia supa, yaani petroli. Gari la dizeli.

Mwenye gari alikuja kugundua wakati wa kulipa, aliposoma risiti, na muda wote huo injini haijazimwa. Yaliyofuata mnayajua. Matusi, mama wa watu akatajwa, meneja akatoka mbio na kabla hajauliza kisa akatoa hukumu: “Usijali mheshimiwa, itatoka kwenye mshahara wake.” Mheshimiwa akatulia hapo hapo kama mtoto aliyepewa nyonyo. Mie nikasema kwa sauti ya kusikika, lakini huyu hakuambiwa ni dizeli. Akanigeukia: “Mama, haya hayakuhusu.”

Kweli hayanihusu. Lakini nimeshindwa kulala nayo.

Nianze na jambo ambalo pale kituoni hakuna aliyetaka kulisikia. Kutia supa kwenye gari la dizeli ni kosa, ndiyo. Lakini supa ikiwa imelala tu ndani ya tangi haijavunja kitu. Gari linasukumwa pembeni likiwa halina gia, tangi linamwagwa, linatiwa dizeli safi, unakwenda zako. Umepoteza nusu siku na pesa za mafuta, na hasira zako zina haki. Kinachoua ni ufunguo. Ukishawasha, au kama hukuzima tangu mwanzo, pampu ya gari lenyewe inaanza kuvuta ile supa na kuipeleka mbele. Magari mengine hata hayangoji mpige stati. Ukizungusha swichi tu pampu ya tangini imeshaanza kazi.

Na mbele huko ndiko kwenye pesa. Dizeli ina utelezi wake, na ile pampu ya presha haina kilainishi kingine zaidi ya mafuta yenyewe yanayopita ndani yake. Petroli haina utelezi huo, inaosha. Kila fundi wa Majengo analijua hili kwa vidole vyake, maana ndiyo anayotolea grisi mikononi jioni. Sasa mpe pampu ambayo vyuma vyake vinasuguana, mwondolee utelezi, halafu mwambie aendelee kusukuma mafuta kwa presha inayopita bar 1,000, na kwenye injini nyingine zaidi ya 1,600. Tairi la Probox lina bar mbili na kidogo, ili mjue tunazungumzia nini. Vyuma vinalika, vumbi lake linasafiri hadi kwenye injekta, vile vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini, na injekta moja ya gari kama lile ni makumi ya maelfu ya shilingi. Ziko nne.

Kwa hiyo niambieni nani aliyeharibu zile injekta. Kijana alishika mpira wa mafuta. Ufunguo alikuwa nao nani? Kila kituo cha mafuta Kenya hii kimebandika tangazo la kuzima injini, lenye picha, kwa wasiojua kusoma na kwa wanaojua wasiotaka. Lile tangazo limewekwa kwa ajili ya moto, lakini lingemwokoa na hili pia. Bwana yule angezima gari kama anavyotakiwa, leo angekuwa anadai tangi moja la mafuta, basi. Alichofanya ni kukalia kiti cha ngozi huku gari lake likinywa sumu, akamalizia biashara yake ya simu, kisha akatafuta mtu wa mshahara mdogo wa kulipa.

Mtasema kijana angejua kwa kuliangalia gari. Atajuaje? Prado za dizeli zipo na za petroli zipo, rangi ile ile, mwili ule ule. Hilux vivyo hivyo. Tuktuk ndiyo balaa kabisa: mbili zimesimama pamoja pale Kisumu Ndogo, moja ya dizeli moja ya petroli, na ukiwa mgeni utazitofautisha kwa mlio tu. Kwenye stika ya kifuniko cha tangi? Stika zenyewe zimekuja na gari kutoka Japani, zimeandikwa Kijapani, na nyingi tumeshazipiga rangi juu.

Halafu kuna suala la mdomo wa mpira wenyewe. Wa dizeli ni mnene, milimita 24 au 25 hivi. Wa petroli ni mwembamba, kama 21. Shingo za tangi za magari ya petroli zilifanywa nyembamba enzi zile za kuondoa petroli yenye madini ya risasi, ambayo huku kwetu iliaga mwaka 2006. Matokeo yake ni kwamba ukijaribu kumtilia dizeli gari la petroli, mdomo unagoma kuingia na kijana anashtuka. Lakini mdomo wa petroli kwenye tangi la dizeli unaingia na nafasi inabaki. Yaani kosa lenye nafuu limewekewa kizuizi, na lile la kuangamiza limeachiwa mlango wazi. Hayo yaliamuliwa na wahandisi. Nao wakatwe mshahara?

Na msiniletee ile ya “vijana wetu wa pwani hawako makini.” Nimeisikia pale pale, tena kutoka kwa mtu wa pwani. Huko Ulaya mtu hushuka akajitilia mwenyewe, kwa mkono wake, gari lake alilolinunua mwenyewe, na bado wanakosea kila siku. Uingereza kuna watu wenye magari maalumu ambao kazi yao ni kuzunguka wakinyonya mafuta yaliyokosewa, na wanaishi vizuri kwa kazi hiyo. Waulizeni wazee wa Kitaliano wa Casuarina, hapa hapa Malindi. Tofauti ni kwamba akikosea kule hana mtu wa kumtukania mama yake. Hulipa, akanyamaza, akamficha mkewe.

Sasa tuje kwenye huo mshahara, maana ndipo roho yangu ilipoungulia.

Kijana wa pampu husimama zamu nzima juani akivuta mvuke wa petroli. Ikipungua mia mbili kwenye hesabu za jioni, ni yake. Mteja akiondoka bila kulipa, ni yake. Noti ya bandia, yake. Leo na injekta za Prado nazo ni zake. Tuhesabu pamoja: makato yale yangechukua muda gani kulipika? Kwa mshahara wa kazi ile, angeoa, angezaa, na mtoto angeanza shule baba bado anamlipia mheshimiwa injekta ya tatu.

Na kuna sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa hasara iliyotokana na mfanyakazi kukusudia. Kukusudia. Kisha ikaweka mpaka kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Sasa kijana aliyeinama kuuliza akafukuzwa kwa kiganja, amekusudia nini? Meneja yule hakusoma kifungu, najua, na kama alikisoma basi alikuwa anatarajia kijana hajakisoma. Huo ndio mtaji wa mabosi wengi mji huu. Ukiwa na ndugu anafanya kazi ya pampu, Malindi, Watamu, Mpeketoni, popote, mwambie akiandikiwa karatasi ya kukubali makato asisaini kwa woga. Aombe nakala, aende nayo ofisi ya leba. Atatishwa kufukuzwa kazi, ndiyo, na hapo sina jibu jepesi.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtanijia. Wapo vijana wa pampu wanaochezea simu kama wateja wao. Wapo wanaoshika mpira ulio karibu badala ya ulio sahihi. Kijana yule angeweza kukataa kutia mpaka ajibiwe, na angekuwa na haki, mumwone basi mheshimiwa akiambiwa “sitii mpaka useme.” Nakubali pia kwamba yale magari ya zamani, Land Cruiser za pampu ya kikale zisizo na kompyuta, humeza supa kidogo zikakohoa na kuendelea. Kuna vitabu vya zamani vya Ulaya vilivyoruhusu kuchanganya kidogo wakati wa baridi kali, dizeli isigande. Hapa kwetu baridi kali ni ipi, ya kusi?

Na hapo ndipo huingia mafundi wa kijiweni. “Ongeza oili tangini, itakubali.” “Jazia dizeli juu, itajichanganya.” Ingekuwa una tangi karibu kujaa na umekosea lita moja, pengine. Lakini sisi tunatia mafuta ya mia tano mia tano taa ikiwa imewaka, kwa hiyo ukikosea hukuchanganya kitu, umebadilisha kabisa. Gari litaondoka kwa yale yaliyobaki kwenye mabomba, utaliona zima, utajipongeza, kisha litakufia kabla hujafika daraja la Sabaki. Na kama safari ni ya Lamu, likakuachia baina ya Garsen na Witu magharibi inaingia, utajua mwenyewe.

Kumwaga tangi nako kuna vituko vyake. Nimemwona mtu akinyonya kwa mpira wa bustani, mdomo mtupu, watoto wamezunguka wanacheka. Petroli ikiteleza ikaingia mapafuni inaunguza, na mtu anaweza kufa. Maziwa hayasaidii. Kumtapisha ni kumuua mara ya pili, maana inarudi kwa njia ile ile. Ni hospitali moja kwa moja. Halafu muulize fundi yale mafuta mchanganyiko yameenda wapi. “Yatapata kazi.” Kazi gani? Mvuke wa petroli unadaka moto hata penye barafu, wakati dizeli mpaka ipashwe moto kupita digrii 50 hivi. Dizeli iliyoingiwa na supa kidogo haina tena upole ule. Ikiishia kwenye jenereta ya mtu, ni hasara. Ikiishia kwenye chupa, ikauzwa mtaani kama mafuta taa ya stovu, ni nyumba ya makuti imekwenda na waliomo.

Kwa kutaja mafuta taa: wafanyabiashara walipokuwa wakiyachanganya na dizeli kwa makusudi, serikali mwaka 2018 iliyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili wizi usilipe. Aliyeubeba? Bibi wa Barani mwenye stovu yake moja. Wakubwa wakivuruga, bili hushuka ngazi mpaka imkute asiye na wa kumshushia.

Meneja yule ana hoja yake, nimeisikia na kwa wenzake: tusipomkata hatajifunza. Sawa. Na kituo kitajifunza nini kikishamkata? Hakuna kinachowazuia kuweka utaratibu kwamba mpira hautoki pampuni mpaka gari limezimwa na dereva ametaja mafuta kwa mdomo wake, na kijana ameyarudia kwa sauti. Anayetaka kubaki kwenye simu akae, lakini pembeni. Hilo halina gharama hata shilingi. Halifanywi kwa sababu makato ya kijana ni rahisi kuliko kumkera mwenye Prado.

Hebu niwaulize wenye vituo jambo la mwisho. Lori la kuleta mafuta lina vyumba, na hutokea likashusha supa kwenye tangi la dizeli, lile la chini ya ardhi. Siku hiyo kijana atashika mpira sahihi, atauliza vizuri, atajibiwa vizuri, na kila matwana itakayoondoka pale imebeba sumu. Kuna meneja atakayesimama mbele ya madereva wote wale aseme itatoka kwenye mshahara wa mtu? Hathubutu. Patatafutwa wakili, patapigwa simu makao makuu, patafunguliwa faili la bima. Basi faili hilo mnajua lilipo. Lifungueni na kwa gari moja.