Sampla za Shemeji

Shemeji, mume wa dada yangu, ana studio hapa Mwanga, Kigoma mjini, kwenye chumba ambacho kwa haki kilikuwa cha kuwekea magunia ya dagaa. Wenzake wanapika midundo kwa kompyuta moja na spika mbili, jioni wanakwenda kuoga ziwani. Yeye hataki. Yeye anataka sampla za zamani, zile mashine za kunasa kipande cha sauti na kukipiga tena kama ala. Anayo E-mu SP-1200, toleo la 1987, Akai S1000 ya 1988, na MPC2000 ya 1997 ambayo kwetu ndiyo kitinda mimba. Zote zilikuja kwa treni zimeviringishwa mablanketi, na aliyezipandisha kile kilima kutoka stesheni si shemeji. Wala si dada.

Sasa zingecheza moja moja tungeishi kwa amani. Hapana, lazima ziungwe zicheze pamoja! Kuna kitu kinaitwa MIDI, kipo tangu 1983, lugha ya mashine za muziki kuamrishana nini kipigwe na lini, kwa kebo ya pini tano inayobeba chaneli 16. Ukimsikiliza shemeji, ni kazi ya dakika mbili. Nyuma ya S1000 kuna matundu matatu: IN inasikiliza, OUT inasema ya kwake, THRU inapitisha umbea kama ilivyousikia. Basi yeye anachomeka OUT panapotakiwa THRU, SP-1200 inanuna, kisha ananigeukia mimi niliye chini ya meza na tochi mdomoni: "Hiyo kebo umeikanyaga wewe." Nikichomoa na kuhamisha tundu moja pembeni, mdundo unaitika. Asante? Thubutu.

Juzi kaja mteja, anataka honi ya meli ianze wimbo wake. Sawa, tumerekodi bandarini, imeingia S1000. Shemeji akaamua iende MPC, tena kwa kebo ileile ya MIDI. Nyie, hiyo njia haikuumbwa kubeba mizigo! Sauti ya ubora wa CD, sekunde moja tu, inatumia zaidi ya sekunde 40 kuvuka kutoka mashine hadi mashine, na mashine zenyewe zimepakana. Honi ya sekunde sita ikahitaji zaidi ya dakika nne. Mteja katulia na soda yake, namba zinapanda kwenye kioo taratibu, na zilipokaribia kumalizika, umeme ukakatika. Sampla hizi umeme ukizimika hazikumbuki kitu. Usichohifadhi kwenye diski kimekwenda. Mteja akauliza kwa upole, "Kwa hiyo honi iko wapi?" Shemeji akasema iko bandarini.

Akabadili mbinu, tuunge kwa SCSI, kebo nene ya zamani ya kuunganisha kompyuta na diski. Hiyo ina kasi kweli, lakini ina masharti kuliko mganga. Kila kifaa kiwe na namba yake, 0 hadi 7, na ncha mbili za mnyororo ziwekewe vizibo maalumu vya kuzuia mawimbi yasirudi. Weka vifaa viwili namba moja uone: fahali wawili zizi moja, hakuna anayeitika. Nikatumwa sokoni kutafuta kizibo cha SCSI. Muuza vifaa vya simu hakuelewa. Mama wa meza ya pili alielewa haraka sana, akanipa kizibo cha dumu la mawese, bure, na pole juu.

Flopi, zile diski ndogo za kuhifadhia sauti, ndiyo usiniulize. Zimebaki chache, zina ukungu, na shemeji anazihifadhi kabatini kwa dada chini ya vitenge, jambo ambalo lina kesi yake. Kijana wa jirani kamweleza vizuri kabisa kwamba kuna kifaa kinakaa mahali pa flopi, unachomeka flashi, kazi inaendelea. Shemeji kamtazama kama aliyetukanwa. Eti flashi itaondoa joto la sauti. Joto! Chumba hakina dirisha, stebilaiza inaunguruma, tumevua mashati wote, na mtu anahofia joto litapungua.

Leo asubuhi kanipigia, sauti laini, mara shem hujambo, mara watoto wazima. Nikajua. Kuna sampla nyingine, Ensoniq, inauzwa Dar, inapanda treni wiki hii. Nimemwambia aniondoe kwenye mnyororo huo, mgongo wangu hauna tundu la THRU.