Damu inakatwa kwa ajili ya tiketi, sio watoto
Kuna makala inasema eti studio za Marekani zinapunguza damu kwenye muvi ili kuwalinda watoto, hapo mwandishi katupiga changa la macho. Ni tiketi tu hizo. Muvi ikipewa R, lile daraja la umri la muvi za wakubwa, dogo wa chini ya miaka 17 haingii bila mkubwa, ndo maana wote wanakimbilia PG-13, daraja ambalo dogo anaingia mwenyewe, lile lililoletwa 1984 baada ya wazazi kulalamikia muvi za Gremlins na Indiana Jones, matokeo yake jamaa anamiminiwa risasi za kifua shati linabaki jeupe pee kama limetoka kwa dobi, maiti kumi chini tone hakuna, alafu tusi zito likirudiwa ndo inakuwa kesi! Na hata hiyo hofu ya tiketi haina mashiko, maana muvi ya Joker ya 2019 ilikuwa R na mauzo yakavuka dola bilioni 1. Hivi nyie wenye watoto, bora aone damu au azoee kwamba risasi haiumi?