Vituo vya Redio Vikizimwa, Msikilizaji wa Mbali Anafaidi?

Usiku wa kuamkia mwaka 2016, Deutschlandfunk ya Ujerumani, France Info, na kituo kikongwe cha Luxembourg cha kilohezi 1440 viliaga masafa ya kati, yale ya redio za AM. RAI ya Italia ilifuata Septemba 2022. Miongoni mwa Wazungu wanaokesha wakisaka redio za ng'ambo, wapo walioshangilia.

Wana sababu. Ulaya na Afrika hupanga vituo kila baada ya kilohezi 9, Amerika kila baada ya 10, hivyo WBBR ya New York, iliyo kwenye 1130, inaangukia katikati ya 1125 na 1134. Mchana haifiki: tabaka la chini la ionosfia, sehemu ya juu ya angahewa yenye chembe za umeme, hunyonya mawimbi. Giza likitanda tabaka hilo hufifia, mawimbi yakadunda juu zaidi na kuvuka Atlantiki. Kikwazo kilikuwa jirani wa Ulaya mwenye mamia ya kilowati, ambaye sauti yake humwagika pembeni na kumfunika mgeni. Akizimwa, mgeni anapata nafasi.

Lakini nafasi hiyo ni ya nani? Ni ya mkongwe mwenye waya wa antena wa mamia ya mita uliotandazwa msituni Lapland, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Huyo anajua hata kwamba dhoruba ya jua ikiipiga njia ya mawimbi ya kaskazini, New York hupotea na Brazili ikaanza kusikika. Mwanafunzi wa mchezo huu hana waya wala msitu. Zamani redio ndogo ya mezani ilimpa Luxembourg na Paris jioni ya kwanza tu, akanogewa, kisha akatamani kufika mbali zaidi. Leo anakuta mkwaruzo wa taa za LED na chaja za ghorofa nzima. Kwangu, hasara hii ni kubwa kuliko ile faida, ingawa siwalaumu waliozima. Umeme wa mitambo hiyo ni ghali, na hakuna serikali inayopaswa kuulipia kwa ajili ya wakesha hoi wachache.

Wengine hujibu kwamba vipokezi vya KiwiSDR, redio za watu wengine zinazoendeshwa kwa mbali, vipo kwenye intaneti, mtu yeyote avitumie. Kwa kujifunza, sawa kabisa, na ni bure. Ila kituo kilichonaswa kwa antena ya Lapland kisiombewe kadi ya QSL, ile ya kituo kuthibitisha kwamba umekisikia, na mtu aliyekaa Berlin.