Jino Lililokauka Mapokezini

Jumanne ya wiki iliyopita mtoto wa mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 10, aligongana na mwenzake uwanjani shuleni, jino lake la mbele la juu likang'oka zima pamoja na mzizi. Mwalimu aliliokota, akalifunga kwenye tishu, akampigia mama yake. Mdogo wangu naye akapiga simu kwenye kliniki ya meno iliyo karibu na shule. Dada wa mapokezi akamjibu kwa upole, "Njooni tu, daktari yupo," na mazungumzo yakaishia hapo.

Ajali ilitokea saa nne kasoro dakika kumi. Saa nne na dakika kumi walikuwa wamesimama mbele ya kaunta. Wakaulizwa kama wana faili. Hawana. Wakapewa fomu wajaze. Kadi ya bima ikapelekwa kuhakikiwa, mtandao ukasumbua, wakaambiwa wakae wasubiri kuitwa, na mbele yao kulikuwa na watu saba. Muda wote huo jino limo ndani ya tishu, tishu imo ndani ya mkoba. Saa tano kasoro robo mdogo wangu akanipigia, na wala hakunipigia kuomba msaada. Alitaka kuniambia kwamba atachelewa kunipitia kwa sababu foleni ni ndefu. Nikamuuliza, "Jino liko wapi?" Aliponijibu nilihisi tumbo limenikata.

Mimi nimekaa mapokezi ya kliniki ya meno miaka 11, hapahapa Dar. Sijasomea udaktari. Lakini jambo hili alilijua kila aliyeshika simu pale kwetu: jino la ukubwani lililotoka na mzizi linaweza kurudishwa mahali pake na likashika, ila lina muda wake. Juu ya mzizi kuna nyuzi ndogo zilizo hai, ndizo zinazolifunga jino kwenye mfupa. Zikikauka zinakufa. Likishakaa kavu zaidi ya saa moja, nyuzi zile karibu zote zimekwisha. Ndiyo maana unalishika upande ule mweupe unaoonekana mdomoni, mzizi huugusi. Likiwa na mchanga unalisuuza kidogo kwa maji safi bila kulisugua. Kama mtoto ametulia na ana fahamu zake, unalirudisha papo hapo kwenye tundu lake na kumwambia aume kitambaa. Ukishindwa, unalitia kwenye maziwa na mnakimbia.

Dakika 55 zilikuwa zimeshapita. Nikamwambia amtume mtu dukani akalete maziwa, yeye aende kaunta aseme maneno hayahaya: "Jino la ukubwani limetoka na mzizi, liko nje dakika 55." Daktari aliposikia alitoka mwenyewe, akamshika mtoto mkono, akaingia naye. Katika wale watu saba hakuna aliyenung'unika. Mzee mmoja aliinuka akawafungulia mlango.

Nimekasirika, na nataka ieleweke nimemkasirikia nani. Yule dada sina ugomvi naye. Alipokea simu haraka, alikuwa mpole, fomu zake zilikuwa safi. Alifanya yote aliyofundishwa, na aliyofundishwa ni pesa na faili. Hasira yangu naipeleka kwa wenye kliniki. Mtu anakopa benki ananunua kiti cha meno, anafunga kompresa, analeta mashine ya picha, anapaka ukuta rangi nyeupe, halafu pale mbele anamweka mpwa wake aliyemaliza kidato cha nne juzi, anamkabidhi simu na droo ya pesa, anamwambia, "Wewe utapokea watu." Kupokea watu ndiko kunakoanzia matibabu. Mgonjwa akishapiga simu yuko mikononi mwako, na ile simu ya nusu dakika inaweza kuokoa jino au kuliua kabla daktari hajavaa glavu.

Nasema hivi kwa sababu na mimi niliwekwa pale bila kufundishwa. Mwaka wangu wa kwanza alikuja baba mmoja, taya limevimba, uvimbe umeshuka chini ya kidevu pande zote mbili. Ilikuwa Jumatatu, watu wamejaa. Nikampa namba 14 na kumwambia akae. Alikaa zaidi ya saa mbili, ameshika leso mdomoni. Nilidhani anaficha uvimbe kwa aibu. Kumbe mate yalikuwa yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Daktari alipita pale kufuata faili, akamtazama mara moja, akaita gari apelekwe hospitali kubwa wakati uleule. Jioni alinikalisha akanieleza kwamba usaha wa gego unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni ukaziba njia ya hewa, na kwamba mtu kama yule anaweza kufa kwenye benchi akiwa ameshika namba yake. Yule baba alipona, baada ya siku nyingi wodini. Lile benchi mpaka leo naliona.

Kesho yake daktari aliandika maswali kwenye karatasi akaiweka chini ya kioo cha kaunta. Umevimba? Uvimbe unashuka au uko pale pale? Una homa? Unameza mate? Mdomo unafunguka? Umepata ajali? Damu inatoka bado? Tangu siku hiyo, kabla sijauliza faili wala bima, niliuliza hayo. Dakika moja tu. Aliyejibu vibaya hakupewa namba, aliingia. Sasa niambieni, kliniki gani haiwezi kumudu karatasi moja chini ya kioo?

Ningekuwa na kliniki yangu, hakuna ambaye angeshika simu kabla hajasimama wiki mbili chumba cha matibabu pembeni ya msaidizi wa daktari. Aone ganzi inapigwa wapi na inachukua dakika ngapi kushika. Aone kwa nini kutibu mzizi wa gego kunachukua muda kuliko kung'oa jino linalocheza. Aone mgonjwa anavyotetemeka. Akirudi mbele, hatapanga miadi kwa kubahatisha.

Na miadi yenyewe tuizungumze. Kliniki nyingi hapa mjini miadi yao ni neno moja: "Njoo asubuhi." Watu kumi wanaambiwa waje saa mbili, daktari anafika saa tatu, kiti kimoja. Wa kumi anaonwa saa nane mchana. Huyo wa kumi ni mama wa Kigamboni aliyepanda pantoni alfajiri, ameacha meza yake ya mihogo bila mtu, mkononi ana nauli ya kurudia tu. Akiambiwa arudi wiki ijayo kuendelea na mzizi, hatarudi. Atakaa na dawa ya muda mpaka itoke, jino livunjike, kisha aje kung'oa. Halafu tunasikia wagonjwa wetu hawafuatilii matibabu. Wangefuatilia vipi?

Sisi tulikuwa na daftari la kawaida, lile kubwa la jalada gumu. Kila mstari robo saa. Kuangaliwa tu, mstari mmoja. Kuziba jino, mistari mitatu. Mzizi wa gego, mistari sita, na hauwekwi mwisho wa siku wakati mikono ya daktari imechoka. Watoto asubuhi, kabla ya njaa na usingizi. Mwenye kisukari naye asubuhi, na aje amekula na amemeza dawa zake kama kawaida, tukimkumbusha hilo kwa simu jana yake. Na kila siku, mistari miwili saa nne na nusu na miwili saa tisa alasiri ilibaki mitupu. Daktari mwanzoni alilalamika kwamba naacha pesa mezani. Sikuifuta ile mistari. Maumivu ya jino hukeshesha usiku na simu hupigwa asubuhi, kwa hiyo kufika saa tatu mistari ile ilikuwa imejaa watu waliolia usiku kucha, na hakuna aliyekuwa na miadi aliyesukumwa nyuma kwa ajili yao. Mwezi wa pili daktari mwenyewe ndiye aliyekuwa anauliza, "Ile nafasi ya saa tisa bado ipo?"

Kuna madaktari watanijibu kwamba wagonjwa wetu hawajali muda. Kuna ukweli humo, nakubali. Wapo wanaopewa saa nne wakaja saa saba, wapo wasiotokea kabisa na simu hawapokei. Na wengi watakuja bila miadi, huwezi kuwafukuza na wala si haki kuwafukuza. Lakini mtu anajali muda pale anapoona muda wake umejaliwa. Mimi niliwaambia wasio na miadi ukweli: "Utaonwa saa sita na nusu, nenda sokoni ukarudi." Nilikuwa nikiogopa hawatarudi. Walirudi, na walirudi mapema, kwa sababu saa sita na nusu ilikuwa saa sita na nusu kweli.

Kompyuta zipo, programu za miadi zipo, ujumbe wa kukumbusha kwa WhatsApp unasaidia sana. Sina neno. Ila programu haimwambii mtu atie jino kwenye maziwa kama aliyeipokea simu hajui.

Bima ihakikiwe mgonjwa akiwa bado nyumbani, kwa simu, siku moja kabla. Mtandao usiposhika asubuhi, dharura iingie kwanza na kadi ifuatwe baadaye. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 maana yake ni kwamba madirisha yetu yatapokea watu wengi zaidi wenye kadi, na wengi wao hawajawahi kukaa kwenye kiti cha meno maishani. Hao wasomewe mapema kadi yao inalipa nini na hailipi nini. Mtu asigundue kuna nyongeza ya kulipa akiwa na ganzi mdomoni.

Jambo jingine linaniuma. Kule kuulizwa kwa sauti. Ukumbi umejaa, dada yuko nyuma ya kioo, anapaza sauti, "Una mimba? Una presha? Unatumia dawa gani?" Watu wanadanganya, na wana haki ya kuona aibu. Kisha daktari anachoma sindano ya ganzi au anang'oa jino bila kujua huyu anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya za mtu zimo humo. Lakini hata pasingekuwa na sheria, ni adabu tu. Mpe mgonjwa karatasi na kalamu, asiyejua kuandika mwite pembeni.

Na mlipeni huyo mtu wa mapokezi. Anatukanwa na wenye maumivu, anabebeshwa lawama za daktari aliyechelewa, anahesabu pesa jioni ikipungua anakatwa. Akizoea kazi, akishajua wagonjwa kwa majina na magego yao, anaondoka kwenda kuuza duka la simu kwa sababu huko wanalipa vizuri zaidi. Mnaanza upya na mpwa mwingine.

Tarehe 20 Machi kila mwaka, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, huwa mnakwenda mashuleni na mabango, mnagawa miswaki. Kazi nzuri. Mwaka ujao waacheni watoto wakapige mswaki uwanjani, ninyi kaeni na walimu nusu saa mwafundishe jino likitoka liwekwe wapi. Mwalimu wa mtoto wetu alihangaika kulitafuta jino lile nyasini mpaka akalipata. Alichokosa ni sentensi moja.

Jino limerudishwa, limefungwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani, litakaa hivyo wiki mbili. Daktari amemweleza mama yake wazi kwamba kwa dakika zile zilizopita mzizi unaweza kuliwa polepole na mfupa, na itabidi apigwe picha mara kwa mara kwa miaka. Mtoto ameniuliza, "Mama mkubwa, litabaki?" Nimemwambia sijui, tunaliombea.

Ijumaa nilimpeleka mwenyewe kuangaliwa. Dada yuleyule alikuwa kaunta. Nikamuuliza kama tangu Jumanne kuna mtu amekaa naye akamweleza kilichotokea. Hakuna. Nikaomba karatasi, nikamwandikia yale maswali ya chini ya kioo, na chini yake habari ya maziwa. Alisoma yote taratibu, midomo inacheza, kisha akaniuliza, "Na likiwa jino la utoto, dada, nalo tunalirudisha?" Nikamwambia hapana, la utoto halirudishwi, litaharibu lile linaloota chini yake, ila mtoto aje aangaliwe. Akachukua kalamu akaongeza mwenyewe.