Nalipia Hewa ya Kwenye Mito

Leo asubuhi picha ya binti yangu, ya kuombea viza, imekataliwa kwa mara ya 3. Kosa lake ni kwamba ametabasamu. Hata meno hayaonekani, jamani, ni ile pembe ya mdomo tu imepanda kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mpiga picha akasema, "Mzee, uso unatakiwa uwe mkavu." Nikamwambia mtoto ana miaka 7, ukavu wa uso ataupata wapi? Mwenye uso huo ni mimi, pigeni wangu mwandike jina lake. Hakucheka. Nadhani kazi yenyewe imemkausha.

Na usidhani ni picha moja. Uingereza wanataka milimita 35 kwa 45. Kanada, kwa ukaazi wa kudumu, milimita 50 kwa 70. Mtoto ni yuleyule, mashavu yaleyale. Mke wangu, ambaye hajakata tamaa na nchi yoyote duniani, anasema tupige zote maana hatujui mlango upi utafunguka. Basi kwenye daftari letu la bajeti, pale palipoandikwa "picha" kwa adabu mwezi wa kwanza, sasa pana mishale inayoelekea pembezoni.

Daftari lenyewe nililinunua kwa heshima. Jalada gumu. Juu nikaandika kwa mwandiko wa mtu aliyesoma: BAJETI YA FAMILIA KUHAMIA NG'AMBO. Chini yake mistari minne: tiketi, viza, mizigo, mengineyo. Nikapiga mstari kwa rula, nikajumlisha, nikaegemea kiti nikajiona waziri wa fedha. Ndugu zangu, ogopeni mengineyo. Tiketi nilizikadiria sawasawa. Viza nilikosea kidogo. Mengineyo yameoa, yamezaa, na wajukuu wake wako ukurasa wa 31.

Chukua Uingereza. Kuna ada ya viza, halafu kuna ada ya huduma ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, na pauni 776 kwa mtoto. Sisi ni wakubwa wawili na watoto wawili. Kwa viza ya miaka 5 nikapata pauni 18,110. Na hulipi kidogo kidogo kadiri unavyougua. Unalipa zote siku ya kuomba, ukiwa buheri wa afya. Mke wangu akauliza, "Tusipougua wanarudisha?" Nikamtazama tu. Hesabu hiyo peke yake ilitosha kuniuguza, na bado nilikuwa sijalipa.

Wakanada ni waungwana zaidi. Wao fedha hawataki kuichukua, wanataka kuiona. Kwa Express Entry, ile njia yao ya kuombea ukaazi, kama hujapata kazi kule, familia ya watu 4 mwaka 2025 ilitakiwa ionyeshe dola 28,362 za Kanada. Isiwe ya kukopa. Thamani ya nyumba haihesabiki. Na benki iandike barua inayoonyesha wastani wa salio wa miezi 6. Miezi 6! Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuwa na fedha iliyokaa tuli siku 6. Yangu huingia kama mgeni wa kupita, kiti haikalii, maji hainywi. Shemeji yangu, mtu mwema, akaniambia, "Nikuwekee zangu wiki moja, wakishaona nichukue." Nikamweleza kuwa hilo limekatazwa kwa maandishi. Akanuna kana kwamba mimi ndiye niliyeandika.

Halafu kila karatasi ina tarehe ya kuoza. Vipimo vya afya vya Kanada vinadumu miezi 12. Matokeo ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, miaka 2, kana kwamba Kiingereza kinachacha. Cheti cha tabia njema nacho kina siku zake, ingawa tabia ni ileile. Unakimbilia hiki, ukirudi kile kimeharibika, na kila kukimbia kuna ada.

Mdogo wetu ana miezi 20. Katika safari za kimataifa, mtoto wa chini ya miaka 2 akipakatwa hulipa kama asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Akitimiza 2 tu anakuwa abiria mwenye kiti chake. Kila asubuhi naamka namtazama anavyokua, na badala ya kumshukuru Mungu napiga hesabu. Juzi kaongeza neno jipya, mama yake akapiga vigelegele, mimi roho ikanidunda.

Lakini yote hayo yalikuwa manyunyu. Mvua yenyewe ilikuja Jumamosi, imening'iniza futikamba kiunoni.

Ni kijana wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Viatu vyake visafi kuliko vyangu vya kazini, kishikwambi mkononi. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Nimekuja kukadiria." Nikampokea kama balozi anayehamishwa kituo. Nikamwambia, "Karibu kijana. Sisi mizigo yetu si mingi. Ni watu wa vitabu na nguo mbili tatu." Mke wangu akakohoa. Kikohozi cha mke wangu ni lugha kamili, ina hadi nyakati.

Akaanza na kabati. Akalipima pamoja na vishikio vya milango, nikasema moyoni, huyu hakuja kucheza. "Upana mita 1.2, kina 0.6, kimo 2. Mita za ujazo 1.44." Nikamfungulia milango aone. "Kijana, hili tupu." Akasema, "Haidhuru, mzee. Meli haiulizi ndani kuna nini. Inauliza umechukua nafasi kiasi gani."

Tukaenda kwenye kochi. Tukaenda kwenye vitanda. Binti yangu akamfuata nyuma na rula yake ya shule, kila kijana akitaja namba naye anataja ya kwake, na nina hakika zilichanganyika, maana godoro letu lilitoka na kimo cha sentimita 14 na lile ni la inchi 8. Sikusema kitu. Ukibahatika, nyamaza.

Akafika kwenye kiti cha marehemu baba.

"Na hiki, mzee?"

"Ndiyo."

"Kina miguu mitatu."

"Marehemu alikikalia hivyohivyo miaka 11."

Akakipima kwa heshima, akapima na pale mguu wa nne ulipotakiwa kuwepo.

Jumla: mita za ujazo 9.3. Nikamuuliza kontena la futi 20 linachukua ngapi, akasema kama 33. Nikafurahi kama mjinga. Hatujafika hata theluthi! "Basi tunalipa theluthi." Akatabasamu, na tabasamu lake lingekataliwa na nchi zote. "Hapana mzee. Ukikodi kontena zima unalipia zima. Ukishiriki na wengine unalipa kwa mita, na mita ya kushiriki ni ghali kuliko mita ya zima. Halafu mnasubiri lijae."

"Litajaa lini?"

"Likijaa."

Kioo kikubwa cha chumbani kinataka kreti la mbao. Nikasema mbao ninazo uani. Akaniambia hapana, mbao za kufungashia zinazovuka mipaka zina kanuni za kimataifa kwa ajili ya wadudu: zipashwe joto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, halafu zigongwe muhuri. Nikaelewa. Mbao ina kibali cha kusafiri. Mimi bado.

Hadi hapo nilikuwa bado balozi. Kilichonivua ubalozi ni mito.

Mke wangu alisema, kwa busara kabisa, kwamba meli itachukua muda, kwa hiyo mablanketi mepesi na mito vitangulie kwa ndege ili watoto wasilale sakafuni usiku wa kwanza. Tukavitia kwenye boksi, nikaliweka juu ya mizani ya bafuni: kilo 4. Nikaandika 4 kwenye daftari, kwa furaha, ndiyo namba ndogo kuliko zote humo. Kijana akalizunguka boksi na futikamba. Sentimita 60, 50, 50. Akabonyeza. "Laki moja na nusu, gawanya kwa 6,000. Kilo 25."

"Kilo 4, mwanangu. Mizani hii hapa, haina mwanasheria."

"Kilo 4 ndizo zinazosoma kwenye mizani. Kuna uzito wa ujazo. Tunatoza ulio mkubwa."

"Na nikijaza mawe?"

"Hapo tutatoza mawe."

"Kwa hiyo hizi kilo 21 za katikati ni za nini?"

Akafikiri. Naona alikuwa anatafuta neno la upole. "Ni hewa, mzee."

"Hewa ya wapi?"

"Ya kwenye mito."

Sijui nini kilinipata. Nilitoa mto mmoja nikaukumbatia kwa nguvu zote. Ukatoa pumzi, fuuu, nikaulegeza, ukairudisha. Nikauweka sakafuni nikaukalia. Nikamwita mke wangu naye akalie wa pili, akakataa, akasema kuna mgeni. Binti akakubali, akarukia. Mdogo naye akaja mbio, maana alidhani ni mchezo. Nikiwa pale chini nikamwambia kijana, pima sasa! Akasema kwa huruma, "Mzee, mimi nilipima boksi."

Hapo nikapandisha sauti, nakiri. Nikauliza nani kawaambia kwamba huko ng'ambo hakuna hewa. Nikauliza kama hewa ikifika itatozwa ushuru au itaingia kama vyombo vya nyumbani vilivyokwisha kutumika, maana imetumika, nimeipumua mwenyewe. Nikasema nalipishwa ugonjwa nisiougua, picha za mtoto asiyeruhusiwa kufurahi, tafsiri ya cheti cha ndoa inayotozwa kwa ukurasa, na ukurasa wa pili wa cheti hicho una muhuri tu! Mtafsiri aliyeapishwa katafsiri muhuri! Miaka 19 nimefanya kazi, nimekaza mkanda mpaka umeisha matundu, na kila nilichoweka kinatoka kabla yetu. Sisi hatujahama bado. Fedha imeshahama zamani, na haijatuandikia hata salamu.

Kimya. Kijana akaangalia kishikwambi chake. Mke wangu akaenda kuchukua maji ya kunywa, akampa yeye kwanza.

Basi tukamaliza taratibu. Ikabaki fomu ya bima. Kila kitu unaandika thamani ya kukinunua kipya kule uendako. Kochi nikaandika, kabati nikaandika, nilitia chumvi kidogo kwenye redio. Kwenye kiti cha baba nikaandika sifuri. Nikafuta. Nikaandika namba, ikaonekana ya uongo, nikafuta na hiyo. Kijana akasema, "Mzee, ukiacha wazi hakina bima." Nikaacha wazi.

Alipoondoka nikafanya uamuzi wa kiume: mito itaingia kwenye mabegi yetu wenyewe. Kwa tiketi tulizozikadiria kila begi ni kilo 23, na urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Begi haliwezi kusimama vizuri juu ya mizani ya bafuni, linaficha namba, kwa hiyo unapanda mwenyewe kwanza, unasoma, unashuka, unapanda tena umelibeba, unatoa. Nilipanda mara 6. Katika mara hizo 6 nimegundua mambo mawili: begi la kwanza ni kilo 26, na mimi nimeongezeka 3. Mke wangu anasema si kweli, mizani ndiyo imeharibika tangu watoto waifanye jukwaa la kuimbia. Kama anasema kweli, huenda begi halijazidi. Kama mizani ni nzima, mimi ndiye nimezidi, na sijui kilo 3 hizo nimezipata kwa chakula gani wakati ukurasa wa 12 tumeshapunguza chakula. Labda nami ni wa ujazo.

Nikaanza kupunguza begi. Nikatoa kamusi. Nikatoa viatu vya mvua, nikavirudisha, kule tuendako mvua ipo. Nikatoa mto. Binti akauchukua akaenda nao kulala.

Mke wangu kasimama mlangoni na kalamu, yuko kwenye orodha yake mwenyewe ambayo sijaonyeshwa. Akauliza, "Na hiyo mizani, inakwenda au inabaki?"

"Inakwenda. Ikibaki, huko itabidi tununue nyingine."

"Inaingia begi gani?"

"La kwanza."

"Na begi lenye mizani ndani tutalipima na nini?"

Sijamjibu. Ni saa 5 usiku, nimekaa juu ya begi, na simu imelia sasa hivi. Ni yule kijana. Anasema samahani mzee, alisahau kupima baiskeli.