Mwambieni mlinzi naye ajogi

Juzi nimekalishwa semina ya afya kazini hapa Dodoma, AC inapuliza mpaka unatamani koti, sambusa zimejaa meza, mwezeshaji anatuambia presha na kisukari ni "mtindo wa maisha" tu, tubadilike, tutembee, tupunguze chumvi. Watu makofi. Mimi namuwaza mlinzi wetu wa getini.

Mzee anakaa Chang'ombe, anakuja kwa miguu na kurudi kwa miguu, kwa hiyo mazoezi anayo kuliko ukumbi mzima. Wiki iliyopita nimemkuta kibandani kaweka kidonge cha presha kwenye kifuniko cha chupa anakikata nusu kwa wembe, taratibuu, ule unga uliodondoka akaulamba kidoleni. Nikamwambia mzee wangu, si ulisema dokta kaandika kimoja kila siku? Akacheka, "Mwanangu, mwezi una siku nyingi."

Najua mtasema huo ni umaskini tu, mpe dawa yaishe. Hapana! Kule London mwaka 1967 watafiti walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali, Whitehall, mtaa wa ofisi za serikali, yaani Mtumba yao, kama mji wetu wa serikali hapa Dodoma. Hakuna fukara pale, wote wana mshahara na pensheni, na matibabu Uingereza ni bure tangu 1948. Lakini wa vyeo vya chini kabisa walikufa kwa moyo kama mara tatu ya mabosi wa juu. Wakatoa sigara, wakatoa presha kwenye hesabu, pengo likapungua tu, halikuisha. Na sio wa chini peke yao, hata anayemfuata bosi anawahi kufa kuliko bosi, ngazi kwa ngazi hivyo hivyo, kwa hiyo wewe afisa wa kati unayechekelea hapo na wewe umo. Walivyorudia 1985, safari hii na wanawake, kikaonekana kitu kimoja ambacho dereva yeyote wa ofisi angewaambia bure: kutokuwa na usemi kwenye kazi yako kunaumiza moyo. Dereva anamsubiri bosi Mtumba toka asubuhi, hajui anatoka saa kumi au saa nne usiku, hawezi kuuliza, anakula chipsi zilizopoa juu ya usukani, halafu Jumamosi huyo huyo bosi anajogi na raba mpya anamwambia "kitambi hicho!"

Sawa, chumvi tunazidisha, na pombe tunakunywa, sibishi. Bima ya afya kwa wote sheria ilipita 2023, haya, itasaidia. Ila Kongwa nako watoto walihimizwa wee wanawe uso kuzuia trakoma, ule ugonjwa wa macho unaopofusha, na ndoo ya maji mama yao anaifuata huko mbali.

Wakati wa kutoka nikampa mzee kipeperushi cha semina, karatasi nzuri ile ya kung'aa, picha ya baba na mama wanakimbia. Akashukuru sana. Kesho yake nikakuta kafungia zile nusu nusu zake.