Kondoo Aliyepotea, Abiria wa Chavakali

Kwa kuwa katibu wa vijana wa kanisa letu ameshaisambaza ile video yangu ya Alhamisi ndani ya gari la abiria kwenye makundi matatu, likiwemo la wazazi wa mtoto wangu, acheni niseme mwenyewe. Hapana, sikuokolewa na polisi. Na sikuwa nimelewa, mama mdogo, tafadhali nipigie.

Mnajua nilivyokuwa nikisoma Biblia: sura tatu kwa siku, kama mtu anayelipa mkopo. Nikimaliza, hata ungenishika koo nisingekuambia nimesoma nini. Halafu mzee mmoja wa kanisa akatufundisha kwamba lile neno "huitafakari" la Zaburi 1:2, kwa Kiebrania, ni jambo la mdomo. Ni kunong'ona, kuguna. Ndilo hilo hilo linalotumika kwa simba akingurumia mawindo yake katika Isaya 31, na kwa hua akilia katika Isaya 38. Akasema fanyeni kama ng'ombe: ale, alale, acheue.

Nikachagua Zaburi 119. Ina aya 176, zimegawanywa vifungu 22 vya aya nane nane, kila kifungu na herufi yake ya Kiebrania. Kifungu kimoja kwa siku, kwenye matatu (gari la abiria) kutoka Kondele, Kisumu, hadi Chavakali ninakotengeneza simu. Niliandika aya kwenye karatasi ya daftari nikaiweka mfuko wa shati. Wiki ya kwanza nilijilazimisha. Wiki ya pili nikajikuta naamka kabla ya kengele. Aya ya 97, "Sheria yako naipenda mno ajabu", niliitafuna kutwa nzima kama pingili ya muwa, na kila nikidhani yamebaki makapi, inatoa maji tena. Nilirekebisha spika ya mteja nikiwa natabasamu hadi akaniuliza kama nimeharibu.

Basi, Alhamisi. Siku ya 22, kifungu cha mwisho. Nimekaa dirishani, kando yangu mama amepakata karai la omena. Nimeziba masikio yote mawili kwa spika za sikioni, msomaji anasoma, nami namfuatisha. Moyoni mwangu nilikuwa nanong'ona.

Sikuwa nanong'ona.

Matatu inapanda kilima cha Riat, injini inalia, muziki uko juu, nami ili nijisikie naongeza sauti kidogo, naongeza kidogo. Katibu, aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa bila mimi kujua, anasema watu walianza kugeuka pale kwenye "kilio changu na kikukaribie". Pale kwenye "mkono wako na uwe tayari kunisaidia", konda alimwambia dereva apunguze mwendo.

Halafu tukafika kizuizi cha polisi kabla ya Kiboswa. Mnajua dereva anavyozima muziki akiona kofia. Injini ikatulia. Watu kumi na wanne kimya, hata kuku aliyekuwa chini ya kiti kimya, na mimi, macho nimefumba, mkono kifuani:

"NIMETANGATANGA KAMA KONDOO ALIYEPOTEA! UMTAFUTE MTUMISHI WAKO!"

Afisa akaingiza kichwa dirishani. Kwa upande wangu. Nilifumbua macho nikakuta kofia iko shubiri moja kutoka puani mwangu. Midomo yake inacheza lakini mimi namsikia msomaji wa Biblia. Ndipo yule mama akanyoosha vidole viwili, akanitoa spika ya sikio la kulia polepole, kama mtu anayechambua kijiwe kwenye maharagwe. Ikamponyoka. Ikaingia kwenye omena. Nikaikodolea macho ikizama, na vile visamaki vyote navyo vinanikodolea.

"Ni mtumishi gani anatafutwa?" afisa akauliza.

Hapo mtu mwenye akili anasema: afande, natafakari Neno. Mimi nikasema, "Sikuyasahau." Ndivyo aya inavyomalizika, "sikuyasahau maagizo yako", ulimi ulikuwa umeshaondoka.

"Hakusahau nini?" akamuuliza konda.

Mama akanishika mkono. Mkono wenye magamba ya omena, wa baridi. "Nyathina, mwanangu, kwenu ni wapi?"

"Chavakali."

"Chavakali kwa nani?"

Jamani. Nina miaka sita nikipita barabara hii. Duka lina bango lenye jina langu. Nilishindwa kulitaja! Koo ilikauka, nikaangalia chini, na machozi yakanilenga, ya aibu, lakini wao watajuaje? Sauti kutoka mbele ikasema, "Tumchangie tu, huyu ni mtoto wa watu." Konda akavua kofia. Nilisikia sarafu zikianguka moja moja, kiti hadi kiti, na kwa kila sarafu nafasi ya kujieleza inapungua. Ukishachangiwa shilingi mia moja unaweza kujieleza. Ikifika mia mbili na thelathini na ndizi mbili, wewe umepotea, kubali.

Nikapokea. Nikasema asante. Nikabarikiwa na mama. (Spika niliitafuta kwa heshima, sikuipata. Kama umenunua omena Chavakali wiki hii na ukasikia jirani wako wa sahani anasoma Zaburi, nitafute.)

Mengine mnayajua. Walinishusha mlangoni pa duka langu mwenyewe wakaniomba mtu wa kunipokea. Katibu alichanga hamsini huku akirekodi. Nimemrudishia hamsini yake, sikumrudishia salamu. Hela zilizobaki ziko ndani ya Biblia, kwenye Zaburi 119, namngoja yule mama siku ya soko nimwambie ukweli. Ndizi nilizila dukani mlango ukiwa umefungwa, na nikiri tu, nilicheka peke yangu hadi nikapaliwa, kisha nikajikuta nairudia ile aya ya 176. Tamu bado.

Leo nimeanza Zaburi 1. Mdomo nimeufunga gundi. Nimefika steji ya Kondele, konda ni yule yule. Akanifungulia mlango wa mbele, akanifunga mkanda yeye mwenyewe, akamwinamia dereva: "Huyu ni wa Chavakali. Asishuke kabla sijasema."

Harufu ya omena ikanifikia kutoka nyuma. Sikugeuka.